Maonyesho ya Watu Wasiokuwepo

Nianze kwa kuwatoa wasiwasi: haya hayakutokea kwetu. Kwetu mambo ni shwari, na wakubwa wetu husoma fomu kabla ya kuzitia saini. Haya yalitokea katika Jamhuri ya Stara, nchi ya mbali ambayo hata ukiitafuta kwenye ramani ya ofisini utakuta karani amekwishaifunika kwa kikombe chake cha chai.

Katika Jamhuri hiyo aliishi mtu aitwaye Masudi Kilindo, mbunifu wa maonyesho katika Makumbusho ya Taifa. Umri wake miaka sitini na mmoja. Kazi yake ilikuwa kupanga vitu vya kale ndani ya makabati ya vioo na kuviandikia vibao: hili ni shoka la mawe, huu ni mtungi wa kuhifadhia mbegu, hiki ni kigoda cha mtu asiyejulikana. Alikaa peke yake katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akipikia sufuria ndogo kuliko zote zinazouzwa sokoni. Wenzake kazini walisema Bwana Kilindo ameoa makumbusho. Alicheka nao, kisha akarudi nyumbani kwake.

Hakuwa hivyo siku zote. Miaka ishirini na sita nyuma, katika nyumba hiyo hiyo, alikaa na mwalimu wa hesabu aitwaye Elia Mkondya. Majirani waliambiwa ni binamu yake, na majirani, kwa kuwa walikuwa raia wema wa Stara, waliona afadhali kuamini. Jumanne moja Elia alitoka kwenda shuleni na madaftari ya darasa la sita kwapani, asirudi. Masudi alipokwenda kuuliza, mwalimu mkuu alimjibu huku akipanga chaki zilizokuwa zimekwishapangika:

"Mwalimu Mkondya amehama kwa hiari yake. Wala hakuacha salamu."

Kuhama Masudi angeweza kukuzoea. Ile salamu isiyoachwa ndiyo iliyomla, kidogo kidogo, miaka ishirini na sita.

*

Sasa ilikuwaje Jamhuri ya Stara, nchi yenye haya kuliko zote, ikataka kuonyesha mambo kama haya makumbushoni?

Kulikuwa na chama kinachoitwa Jumuiya ya Mataifa Yenye Majuto. Wajumbe wake hukutana kila mwaka katika hoteli nzuri, hujuta asubuhi na kupumzika mchana. Stara ilitamani sana kujiunga. Nchi inayoomba hujaza fomu ya kueleza makosa yake ya zamani, na swali la tisa liliuliza hivi: je, nchi yako imewahi kuwabagua watu kwa sababu waliwapenda wa jinsia yao, au kwa sababu hawakuishi kama mwanamume au mwanamke kwa namna waliyotarajiwa? Karani aliyekabidhiwa fomu alikuwa na haraka ya kuwahi mazishi. Akaweka alama ya ndiyo kwenye maswali yote, likiwemo lililouliza kama nchi ina bahari. Stara haina bahari. Jumuiya iliguswa mno na ukweli huo, ikaamua kufanyia mkutano wake Stara, na ikaomba ionyeshwe maonyesho kamili kuhusu jibu la tisa.

Ndipo Masudi akaitwa na Waziri wa Utamaduni, Maadili na Vivutio, Mheshimiwa Sombi, mtu mwenye sauti ya uwanja wa mpira hata anapoomba chumvi.

"Ndugu Kilindo," alisema Waziri, "taifa limekukabidhi majuto yake. Una siku arobaini."

"Majuto ya jambo gani, Mheshimiwa?"

"Ya kuwabagua watu wale."

"Watu gani?"

"Hapo ndipo penye ugumu. Msimamo wa serikali ni kwamba watu wale hawajapata kuwepo katika nchi hii, tangu enzi za mababu hadi leo saa nne asubuhi. Lakini tuliwabagua, tena kikamilifu. Utaona uzuri wake, Ndugu Kilindo. Huu ndio ubaguzi pekee duniani ambao haukumuumiza mtu yeyote."

Masudi alitazama zulia.

"Na kwa nini mimi, Mheshimiwa? Wapo vijana wenye kompyuta."

"Tulikuchagua kwa makini. Huna mke, huna mtoto. Jina lako likihusishwa na jambo hili, hakuna wa kuaibika."

"Ni kweli, Mheshimiwa," alisema Masudi. "Hakuna."

*

Kikwazo cha kwanza kilikuwa cha kisheria. Kifungu cha kumi na saba cha Sheria ya Stara, ambacho hakijafutwa, kilimpeleka jela mtu yeyote anayetaja, kuandika au kuchora habari za watu wale. Mkurugenzi wa Makumbusho akamshauri Masudi apitie kituo cha polisi kuomba kibali cha kuvunja sheria.

Ofisa wa zamu alitoa fomu ya waridi.

"Kosa unaloomba kulitenda?"

"Maonyesho."

"Utalitenda mara ngapi?"

"Kila siku, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja. Isipokuwa Jumatatu."

"Jumatatu unatubu?"

"Jumatatu tunafagia."

Ofisa aliandika "anatubu", akagonga muhuri na kumtakia kosa jema.

Kibali mkononi, Masudi akaenda kutafuta vitu vya kuonyesha. Aliambiwa viko katika Idara ya Watu Wasiokuwepo. Idara hiyo ilikuwa na jengo la ghorofa nne, kubwa kuliko Wizara ya Afya, na kwa miaka arobaini makarani sitini walikaa humo wakiandika kwa uangalifu mkubwa habari za watu ambao hawakuwepo: wametoka nyumbani saa ngapi, wamemwamkia nani, wamenunua samaki wangapi na kwa nini wawili. Makarani wote walikuwa wamestaafu isipokuwa mmoja, Bi Perpetua Lihemba, mama mwembamba mwenye sweta la kijani. Yeye alizuiliwa kustaafu kwa sababu ndiye pekee aliyejua kitu gani kiko wapi.

"Karibu, Bwana Kilindo," alisema, kabla Masudi hajajitambulisha. "Nilikuwa nakungoja."

Masudi alidhani Wizara imempigia simu.

Akamletea maboksi. Katika boksi la kwanza mlikuwa na doti moja ya kanga iliyokatwa vipande viwili. Wauguzi wawili wa kike waliokaa nyumba moja walikuwa wakijifunga kila mmoja kipande chake, na mahakama ilikubali kwamba hakuna ushahidi mzito kuliko huo. Walifukuzwa kazi, mmoja akapelekwa kaskazini, mwingine kusini. Katika boksi la pili, jezi namba tano ya beki wa timu ya taifa, ambaye picha zake zote zilikatwa hata ukiangalia picha ya timu leo unaona watu kumi na mkono mmoja uliobaki juu ya bega la kipa. Katika la tatu, gauni la maua la mtu aliyezaliwa akaitwa Sadala na kujiita Zawena. Gauni lilikuwa na vifungo vitano, na jalada lilieleza kila kifungo kilivyokatika na nani aliyekuwa amemshika.

Masudi aliandika vipimo. Ndiyo kazi aliyoizoea: urefu, upana, hali ya kitu. Aliandika "hali: imechanika", na ilimbidi aweke kalamu chini, akatoka kusimama koridoni akiutazama ukuta.

Kila jalada juu yake lilikuwa na muhuri mwekundu wa neno moja: HAYUPO.

Siku ya tatu Bi Perpetua alimwekea mezani jalada ambalo hakuliomba. Akachukua kikombe chake, akaenda kukaa upande wa pili wa chumba, mgongo umeelekea kwake.

Juu ya jalada paliandikwa: MKONDYA, Elia. Mwalimu.

Elia hakuhama. Alikamatwa darasani Jumanne ile, mbele ya watoto, akapelekwa Kambi ya Marekebisho ya Nyasi Kavu. Ndani ya jalada mlikuwa na barua arobaini na moja, zote zimefunguliwa kwa mvuke na kubanwa kwa pini, na karibu kila moja ilianza kwa maneno yale yale: "Masudi wangu". Hakuna hata moja iliyopata kutoka ndani ya jengo lile.

Alisoma kwa mpangilio wa tarehe. Katika barua nne za kwanza Elia alieleza habari za kambi, za maharage yenye mawe na jino lake la nyuma lililovunjika, na kila mara alimaliza kwa kuomba neno lolote, hata moja, ajue kama Masudi yu mzima. Katika ya tano hakuomba tena. Aliandika tu: "Naelewa. Ukiona ni hatari, usiandike."

Barua ya sita ilikuwa tofauti. "Masudi wangu," iliandikwa, "nimepata barua yako."

Masudi alisoma sentensi hiyo mara nne. Hakuwahi kuandika barua. Angeiandika wapi, naye hakujua mtu yuko wapi?

"Nimeisoma mpaka karatasi imekuwa laini kama kitambaa," Elia aliendelea. "Kumbe umefuga paka. Wewe, uliyekuwa ukimfukuza hata kuku wa jirani. Mwandiko wako umebadilika kidogo, nadhani kalamu imechoka. Nishachoka kusikitika, sasa nitakuwa nakuandikia habari za kuchekesha."

Na kuanzia hapo zilikuwa barua za mtu mwenye wa kuongea naye. Aliuliza paka anaendeleaje. Alicheka kuhusu mpapai ambao Masudi eti aliupanda ukatokea kuwa dume. Alimkumbusha kumeza dawa za kifua. Masudi hakuwa na paka, wala mpapai, wala kifua hakikumsumbua. Alisoma maisha ya mtu aliyekuwa na jina lake, aliyependwa kila baada ya miezi miwili kwa miaka saba, akamwonea wivu.

Baada ya barua ya arobaini na moja palikuwa na karatasi moja ya daktari wa kambi. Homa ya mapafu, tarehe nne mwezi wa sita, miaka kumi na tisa iliyopita. Chini yake muhuri uligongwa tena: HAYUPO.

Masudi alifunga jalada. Alitaka kuuliza nani aliyejibu barua hizi, lakini swali hilo lilikuwa kukiri, na alikuwa na mazoea ya miaka ishirini na sita ya kutokukiri. Akatia sahihi daftari la kuazima na kuondoka. Bi Perpetua hakugeuka.

Siku zile zilizofuata alifanya kazi yake vizuri kuliko wakati wowote. Alifiwa, na hapakuwa na matanga. Hakuna jirani aliyeleta kiti wala mwenzake wa kazini aliyempa mkono. Alikula mhogo wa kuchemsha amesimama, akapiga pasi shati, akaenda kupima kuta.

*

Maonyesho kabla ya kufunguliwa yalipaswa kupita mbele ya Kamati ya Maneno Yanayofaa, wazee saba wakiongozwa na Profesa Mtengwa, bingwa wa visawe. Kamati ilisoma vibao vyote kwa rula. Palipoandikwa "walipendana" pakawekwa "walipanga chumba kimoja". Palipoandikwa "walifungwa" pakawekwa "walihifadhiwa". Habari za Zawena zilipunguzwa na kupunguzwa hadi pakabaki "Gauni. Vifungo: hakuna." Kuhusu kanga, Kamati ilijadiliana mchana kutwa na kupitisha maneno mawili: "Pamba. Kipande."

Masudi hakubishana. Mwishoni akawapelekea kitu kimoja zaidi, barua ya sita, ndani ya fremu.

Walimulika kila mstari. Humo mlikuwa na paka, maharage, jino, mvua. Neno lililokatazwa halikuonekana hata moja.

"Barua nzuri," alisema Profesa Mtengwa, na kwa kitambo alisahau kushika rula. "Mimi mke wangu hajapata kuniandikia hivi." Kisha akatazama kibao. "Hapa umeandika mpokeaji: Masudi Kilindo. Jina hili si kama lako?"

"Ni langu, Profesa."

Jana yake aliandika kibao hicho mara tatu. Mara ya kwanza aliandika "mpokeaji hajulikani", kama ilivyoandikwa kwenye jalada, na akaona kwamba maneno hayo ndiyo yaliyomlinda asikamatwe. Akayachana hata hivyo. Barua arobaini na moja zilikuwa zimekosa mtu wa kuzipokea, na yeye alikuwa hai, ana mikono miwili.

Kamati ilinong'onezana. Katibu akapekua Orodha ya Maneno Yaliyokatazwa, herufi K, kisha herufi M.

"Halimo," alisema katibu.

"Basi linafaa," alisema Profesa Mtengwa, na barua ikapita.

*

Ufunguzi ulifana. Mheshimiwa Sombi alihutubia saa moja na nusu.

"Ndugu wajumbe," alinguruma, "leo Stara inajuta! Tunajuta kwa moyo mkunjufu, na tunaahidi kwamba watu wale wangekuwepo, tungewaomba radhi. Kwa kuwa hawapo, tunaomba mtusamehe ninyi!"

Wajumbe wa Jumuiya walifuta machozi, wakapiga picha mbele ya jezi, wakala, wakapanda ndege. Stara ikapewa uanachama kamili.

Maonyesho yakabaki. Sasa yalikuwa ya wananchi, na kwa ajili ya wananchi serikali ilimweka mlangoni koplo wa polisi mwenye daftari. Kila anayeingia aandike jina, anuani, sababu ya kupendezwa na hali ya ndoa. Idara ilikuwa na matumaini makubwa na daftari hilo. Na wananchi wa Stara si wajinga. Hakuingia mtu.

Masudi alikaa ukumbini siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Sheria ya makumbusho ilitaka mbunifu awepo kujibu maswali ya wageni. Alisikia feni na viatu vya koplo. Kutoka dirishani aliona mwanamke mmoja aliyesimama ng'ambo ya barabara kila asubuhi kufunga kamba za viatu visivyo na kamba. Siku ya saba bibi mmoja mzee aliingia akamwambia koplo anatafuta choo. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye kanga, akasimama, midomo ikicheza bila sauti, kisha akatoka. "Kumbe si hapa," alimwambia koplo. Masudi alitaka kumkimbilia amuulize alikuwa wa kaskazini au wa kusini, lakini kumkimbilia ni kumwonyesha kidole. Akabaki kitini.

Siku ya kumi na moja ilikuja barua ya Wizara: maonyesho yafungwe jioni hiyo kwa ukarabati, na daftari la wageni lipelekwe Idarani. Alasiri, Bi Perpetua Lihemba aliingia akiwa na lile sweta la kijani na mkoba kifuani. Koplo alikuwa amekwenda kunywa maji. Bi Perpetua alipita kanga, akapita gauni, akasimama mbele ya barua.

"Umeiweka ya sita," alisema.

"Ni wewe," alisema Masudi. Hakuuliza.

"Ni mimi. Kazi yangu ilikuwa kusoma barua za Nyasi Kavu. Wengine walikuwa wakiandika wanaacha. Yeye hakuacha. Ile ya tano, aliposema usiandike, nilishindwa kula. Nikaandika."

"Kwa jina langu."

"Kwa jina lako. Nilikuja hapa Jumamosi nne kusoma vibao vyako. Enzi zile ulikuwa unaviandika kwa mkono. G yako ilinisumbua."

Masudi alisikia hasira ikipanda, nzito, na akaiacha ipande, maana kwa miaka ishirini na sita haikuwa na pa kwenda.

"Ulikuwa unajua nilipo. Umbali wa vituo vitatu. Ulishindwa kuniletea hata moja?"

"Niliogopa," alisema Bi Perpetua. "Kumwandikia yeye, yuko mbali, niliweza. Kukuletea wewe na kukutazama usoni nilishindwa. Niliandika mpokeaji hajulikani, nikajiambia inatosha. Haikutosha. Sikuja kuomba unisamehe."

"Ulikuja kwa nini?"

"Hakuna mwingine aliyemjua. Mimi nyumbani kwangu haijaja barua tangu mama yangu afariki. Alipokufa Elia sikuwa na wa kumwambia."

Feni ilizunguka. Hasira ya Masudi ilikuwa bado ipo, lakini ilikuwa imempata mtu wa kukaa naye.

"Alikufa akijua nini?" aliuliza.

"Kwamba unamsubiri. Mengine yote niliyatunga. Hilo sijui kama nilitunga."

"Hilo hukutunga," alisema Masudi.

Koplo alirudi akifuta mdomo. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye heshima, na alikuwa na shida: daftari lilikuwa tupu, na akilipeleka tupu ataonekana mvivu.

"Mzee wangu, shikamoo. Mama, shikamoo," alisema. "Nisaidieni tu majina, niwe na chochote cha kupeleka."

Bi Perpetua akamtazama Masudi. Yeye alijua kuliko mtu yeyote kinachofuata baada ya jina kuingia Idarani.

Niseme hapa hapa kwamba daftari hilo lilifika Jumatatu, na jalada la Masudi Kilindo lilifunguliwa. Lakini jalada bila muhuri haliendi mbele, na siku hiyo Bi Perpetua alitoa taarifa kwamba muhuri wa HAYUPO umepotea. Kuagiza mwingine kunahitaji barua yenye muhuri huo huo. Ninaposimulia haya, bado wanaandikiana. Lakini mchana ule Masudi hakujua hayo. Alijua tu kuna jela, na kuna daftari, na kijana anangoja.

"Andika," alisema.

"Jina?"

"Masudi Kilindo."

"Sababu ya kupendezwa?"

"Barua ile ni yangu."

Koplo aliandika. "Hali ya ndoa?"

Swali hilo Masudi alikwishalijibu mara nyingi, hospitalini, kwenye sensa, kazini, na jibu lilikuwa moja, "sijaoa". Alifungua kinywa na likatoka lingine.

"Mgane."

Kalamu ya koplo ilianza kuandika, ikasimama. Neno hilo halikukatazwa popote. Lilikuwa neno la kawaida kabisa, la msibani, na kijana alilelewa vizuri.

"Pole sana, mzee wangu," alisema. "Ilikuwa lini?"

"Miaka kumi na tisa. Ila mimi nimepata habari mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita tu? Basi msiba ni mbichi." Koplo akavuta kiti chake cha mlangoni, akakisukuma kwa Masudi ili akae, na cha pili akampa Bi Perpetua. Yeye mwenyewe akachuchumaa mbele yao, kofia mkononi, kama anavyochuchumaa mtu aliyeingia nyumba yenye matanga. "Alikuwa mtu wa namna gani?"

Masudi alikaa.

"Alikuwa mwalimu wa hesabu," alisema, na akaendelea.